Ndiyo, Hapana, na Issue 1 ya Tatu

Ndani ya miezi kumi na tano sisi wa Ohio tulipiga kura ya maamuzi mara tatu, na mara zote hoja ilikuwa na jina lile lile: Issue 1. Ile ya Agosti 2023 ilitaka kurekebisha katiba ya jimbo kuwe kugumu, ihitajike asilimia 60 badala ya kupita nusu tu. Ikaanguka. Ile ya Novemba 2023 ilihusu haki ya kutoa mimba. Ikapita. Novemba 2024 ikaja Issue 1 nyingine, safari hii ya kuamua nani achore mipaka ya maeneobunge.

Sasa jiweke mahali pa mama wa Kikongo niliyempigia hodi karibu na Cleveland Avenue hapa Columbus. Mwaka uliotangulia alikuwa amesikia watu wale wale, wenye fulana na vipeperushi, wakimwambia aseme Hapana, na sasa mimi nilikuwa nikimwomba aseme Ndiyo. Akaniacha nimalize maelezo yangu yote, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka jana Issue 1 ilikuwa mbaya. Imetubu lini?"

Nilicheka, lakini swali lake ndilo lililotushinda kampeni nzima.

Kwa walio nyumbani Kenya, shida yenyewe ni hii. Kwetu tumezoea kuogopa usiku wa kuhesabu kura. Hapa ukitaka kushinda bila wasiwasi huhitaji kugusa hata kura moja. Unachora mipaka kabla. Wafuasi wa mpinzani unawarundika katika maeneobunge machache, washinde huko kwa wingi usio na faida, na waliobaki unawatawanya vipande vipande ili wasitoshe popote. Yote hufanywa mchana kweupe, kwa kompyuta. Wamarekani huita mchezo huo gerrymandering. Sisi tunaopiga hodi kwa Kiswahili tumeishia kusema jerimanda, na tunaeleweka. Kwa miaka kumi Ohio ilikuwa na eneobunge moja lililoanzia Toledo likafuata ufuo wa Ziwa Erie hadi Cleveland, mahali pengine likiwa jembamba kiasi cha kupita darajani. Watu waliliita Nyoka wa Ziwani. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mipaka iliyochorwa kwa kupendelea chama si jambo la mahakama za shirikisho kuamua. Ndiyo maana vita vimehamia majimboni.

Wananchi wa Ohio walikuwa wamejaribu tayari. Mwaka 2015 na 2018 walirekebisha katiba kwa kura nyingi sana, lakini kalamu ikabaki kwa tume ya watu saba: gavana, viongozi wengine wawili wa jimbo, na wanne wa kuteuliwa na vigogo wa bunge. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio ilizikataa ramani zao mara kwa mara, na uchaguzi ukafanyika kwa ramani hizo hizo zilizokataliwa. Jaji Mkuu wa wakati huo, Maureen O'Connor, ni wa chama cha Republican, na kura yake ndiyo iliyokuwa ikizikwamisha. Alipostaafu akaongoza kampeni ya kuwaondoa wanasiasa kwenye uchoraji kabisa. Pendekezo lilikuwa tume ya raia kumi na watano: watano Republican, watano Democratic, watano wasio na chama, bila mwanasiasa hata mmoja.

Kukusanya sahihi za kulifikisha pendekezo hilo kwenye kura tulianza wakati wa baridi, na baridi ya Ohio haina adabu. Kila kijitabu cha sahihi ni cha kaunti moja tu, kwa hiyo ukisimama nje ya maduka ya Wasomali unauliza kwanza, "Ndugu, unaishi kaunti gani?" kabla hujauliza chochote kingine. Zilihitajika sahihi halali 413,487. Zilipelekwa zaidi ya 731,000, zikakubaliwa 535,005. Siku hiyo tulidhani kazi ngumu imekwisha.

Halafu mambo ya karatasi za uhamiaji yakaingia. Juni 2024 Gavana Mike DeWine alitia saini sheria inayokataza wasio raia kutoa fedha katika kampeni za kura ya maamuzi, wakiwemo wenye green card. Jaji wa shirikisho akaizuia kwa hao wa green card, lakini Oktoba, kampeni ikiwa imepamba moto, mahakama ya rufaa ikaruhusu itumike. Shemeji yangu, mlipa kodi wa miaka mingi, alitaka kulipia uchapishaji wa vipeperushi vya Kiswahili. Tukamwambia arudishe pesa mfukoni. Jioni akatuletea chai na mandazi, tukabaki tukibishana kama mandazi ni mchango wa kampeni. (Tuliyala.)

Lakini kilichotumaliza ni maneno ya karatasi ya kura. Bodi ya Kura ya jimbo, chini ya Katibu wa Jimbo, Frank LaRose, ilipitisha kwa kura tatu kwa mbili maelezo yaliyosema kwamba tume hiyo mpya itatakiwa kufanya jerimanda ili kuvipendelea vyama viwili vikubwa. Soma tena. Hoja iliyoandikwa kuzuia jerimanda iliwafikia wapiga kura ikisema italazimisha jerimanda. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu ya Ohio, ikaamuliwa nne kwa tatu: virekebishwe vifungu viwili, hayo mengine yabaki. Kando ya barabara bango letu lilisema komesha jerimanda, piga Ndiyo; bango la wenzetu lilisema komesha jerimanda, piga Hapana. Mimi nasema aliyeandika swali ndiye aliyeshinda mtihani.

Kwa hiyo kazi yetu wasemaji wa Kiswahili ikawa kusoma karatasi mstari kwa mstari. Tulikaa na Wabantu wa Kisomali waliojifunza Kiswahili Dadaab, na Wakongo waliotutafsiria sisi Wakenya Kiswahili chetu wenyewe. Wengi hawakujua kwamba sheria ya taifa inamruhusu asiyeweza kusoma karatasi kuingia kituoni na msaidizi amtakaye, mradi si mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Habari hiyo peke yake ilitufungulia milango mingi kuliko Issue 1. Siku za kura ya mapema pale Morse Road tulisimama nje ya zile futi 100 ambamo kampeni hairuhusiwi, tukisalimia watu tu.

Wagumu zaidi walikuwa Wakenya wenzangu. Ukiwatajia tume huru, mtu aliyeuona uchaguzi wa 2007 anashika mfuko wake. Mzee mmoja wa Nakuru aliniuliza, "Hiyo tume nikiichoka naitoaje?" Swali zuri. Wajumbe wale wangeweza kuondolewa na wajumbe wenzao tu, na upande wa Hapana ulilipigia debe hilo usiku na mchana. Nikamkumbusha kwamba hata kwetu mipaka huchorwa na IEBC, tume ya uchaguzi, si wabunge, na Kifungu cha 89 cha katiba kinaweka kikomo cha jinsi idadi ya watu wa eneobunge inavyoweza kutofautiana na wastani. Akanijibu kwamba anakumbuka kelele za ripoti ya tume ya mipaka ya Ligale ya 2010 vizuri kuliko mimi. Bado naamini tume ya raia ilikuwa bora kuliko tume ya wagombea, ila sijawahi kumwona mzee huyo kuwa mjinga.

Tulishindwa kwa karibu asilimia 54 kwa 46. Donald Trump aliichukua Ohio kwa takriban pointi 11 siku hiyo hiyo, na Ndiyo yetu bado ilipata asilimia kubwa kidogo kuliko Kamala Harris, maana yake kuna wa Republican waliotuunga mkono. Wangapi walisema Hapana wakidhani wanapinga jerimanda, hilo kila mtu mtaani ana hesabu yake.

Tarehe 31 Oktoba 2025 ile tume ya watu saba ilipitisha ramani mpya ya Congress, inayowafaa zaidi Republican, na wajumbe wa Democratic nao waliiunga mkono wakihofia wangepata mbaya zaidi. Mzee wa Nakuru alinipigia simu jioni hiyo. "Wote saba? Hata wa upande wako?" Wote, mzee. "Unaona sasa. Hata wangekuwa kumi na watano wangekubaliana hivyo hivyo." Nikamwambia kumi na watano wale wasingekuwa na viti vya kulinda. Hatujalimaliza bishano hilo. Wanawe wawili wametimiza miaka kumi na minane, na hao nimeshawaandikisha.