Nilivyopatana na "and" na "but" huku mlimani

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu Kiingereza ni huu: "Ukikuta 'na' weka 'and', ukikuta 'lakini' weka 'but', basi umemaliza." Alinipa mwalimu mmoja wa kozi ya jioni hapa Moshi, tena nilimlipa, elfu themanini au zaidi kidogo, pamoja na kitini cha fotokopi ambacho kurasa za mwisho hazikusomeka. Wenzangu aliowafundisha mpaka leo wanawaandikia wageni hivyo hivyo, na wageni wanawaelewa, sikatai. Ila kueleweka ni kitu kimoja, na mgeni kuamini kwamba utamfikisha kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na kumrudisha salama ni kitu kingine.

Mimi nilianza kama mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, nikibeba mizigo njia ya Marangu. Nikapanda hadi msaidizi, sasa naongoza wageni mwenyewe. Kuongea hakukunisumbua, maana mdomo ukiteleza mikono inasaidia. Taabu ilianza bosi aliponipa kazi ya kuwaandikia wageni barua ya maelezo kabla hawajaja: mtalala wapi, mtakula nini, usiku wa kilele itakuwaje. Karatasi haina mikono.

Sikilizeni nilichoandika kuhusu usiku wa kilele, nikikifuata kitini hatua kwa hatua: "You will wake up at 11 p.m. and to drink hot tea and to put on all your clothes and walking slowly." Kwa Kiswahili mambo yako sawa kabisa: mtaamka saa tano usiku na kunywa chai na kuvaa nguo zote. Kitenzi cha kwanza kinabeba mtu na wakati, wenzake wanafuata na ku- zao, hakuna anayelalamika. Hiyo "walking" ya mwisho niliiongeza kwa hiari yangu, niliona inapendeza.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikuja na ile barua ameichapisha. Tuko kambi ya Mandara siku ya kwanza, supu imeisha, akaitoa mfukoni akawasomea wenzake. Hakuwa na ubaya, alisoma taratibu kama anayesoma taarifa ya habari. Alipofika kwenye "Do not smoke and drink alcohol on the mountain" akanigeukia, uso mkavu, akauliza kama anaruhusiwa kuchagua kimoja. Meza nzima ikaangua kicheko. Mpishi naye akacheka, hajui hata kinachochekwa. Alichonieleza baadaye ni kwamba ukikataza vitu viwili kwa "not", kiunganishi ni "or": "Do not smoke or drink alcohol." Ukiweka "and" unaonekana unakataza kuvifanya kwa pamoja tu. Katika kitini changu "or" ilikuwa na mstari mmoja: "au". Wala hakuna "wala".

Dawa ya yale mengine niliipata kwa simu mbovu. Ilinidondoka juu ya jiwe pale kambi ya Horombo, kioo kikabaki na doa jeusi katikati, upana wa kidole gumba. Siku moja naipitia barua, doa likameza katikati ya sentensi. Nikaona "You will", kisha weusi, kisha "to drink hot tea". You will to drink hot tea! Hata mtoto wa darasa la nne angeshtuka. Nikasogeza maandishi kidogo: "You will", weusi, "walking slowly". Nikasogeza tena, nikazidi kufurahi, maana kila kosa lilikuwa linajileta lenyewe, na pesa yangu ya kozi ilishaliwa bila mtu kunionyesha hilo. Kumbe kila kipande kinachokuja baada ya "and" kinatakiwa kiweze kukaa palepale alipokaa wa kwanza, bila kuomba ruhusa. Ziba wa kwanza, soma. Kikikwama, kirekebishe. Barua ikawa: "You will wake up at 11 p.m., drink hot tea, put on all your clothes and walk slowly." "Will" moja inawatosha wote wanne, na "and" moja inatosha, inakaa kabla ya wa mwisho. Kioo nilishabadilisha, sasa naziba kwa kidole.

Ujanja huu una tundu moja, nisiwafiche. Ukiandika "We left Kibo at midnight and reach Gilman's Point before sunrise", ziba upendavyo, "We reach" itasimama tu. Hapo kidole hakikusaidii, inabidi uhakikishe mwenyewe kwamba wote wako wakati mmoja: left, reached.

Kwenye sifa ndiko nilikojidai zaidi. Nilimsifia mpishi wetu hivi: "Our cook is clean, fast and knows vegetarian food." Inasomeka vizuri, eti? Ziba "clean, fast and": "Our cook is knows vegetarian food." Sifa mbili zimepangwa foleni moja na kitenzi, na "is" haiwezi kuwahudumia wote. Sifa zifungwe kwanza, kitenzi kije na "and" yake: "Our cook is clean and fast and knows how to cook vegetarian food." Hizo "and" mbili zilimkera bosi, akasema zimejirudia. Nikamwambia bosi, kila moja ina kazi yake. Akanyamaza, na bosi wangu kunyamaza si jambo dogo.

Sifa zikitangulia jina, mambo yanageuka. Pale Horombo kuna kunguru mkubwa mweusi mwenye baka jeupe nyuma ya shingo, mwizi wa vitafunwa asiye na haya. Nilikuwa namwandika "a big and black and white bird". Siku hizi ni "a big black and white bird": ukubwa na rangi havihitaji kufungwa, ila rangi mbili za ndege mmoja zinafungwa. Lakini ukimweka nyuma ya "is", kamba inarudi: "The bird is big and noisy."

Na "but"? Hiyo jamani ogopeni. "But" inasema ulichotaja kwanza kilikuwa kinatia shaka. Huts za Marangu, vile vibanda vya kulala wageni, naziandika "simple but dry", kwa sababu mgeni akisikia "simple" anaanza kuwaza mvua, kwa hiyo namuwahi. Ukuta wa Barranco, kwa wanaopita njia ya Machame, ni "steep but safe with a guide". Lakini wapagazi wetu ni "young and strong", maana ujana haujawahi kuwa kasoro ya mtu wa kubeba mzigo.

Yupo mwenzangu, naye ni zao la kozi ileile, kwenye ukurasa wake kajitambulisha kwa wageni: "I am a local but honest guide." Nilimwambia ndugu yangu, hapo umetutukana wote, kuanzia Marangu mpaka Machame, weka "and". Akabisha. Anasema tangu aiandike wageni wanamtafuta mno, wengine wanamwandikia huku wanacheka, na msimu uliopita alipanda mlima mara nyingi kuliko mimi.