Siku moja maishani mwangu: zamu ya kumlinda SUE

Saa 2 asubuhi. Field Museum hapa Chicago bado haijafunguliwa, na huu ndio wakati ninaoupenda. Ukumbi kimya, mimi na SUE tu: dinosau aina ya T. rex wa mita 12 na ushee, aliyekufa miaka milioni 67 iliyopita. Namsalimia kila siku. Haitikii, na sijakata tamaa.

Saa 3, milango wazi. Swali la kwanza ni lilelile: "Mifupa hii ni ya kweli?" Ndiyo, mingi, ila kichwa kile cha juu ni cha kuigiza. Fuvu lenyewe lina kilo kama 270, ni zito mno kuning'inizwa pale, basi limewekewa kabati lake la kioo. Watu hununa kama wamepunjwa, hadi niwapeleke wakalione. Inameni, nawaambia, tazameni taya la chini. Kuna matundu ya mviringo, kingo zake laini, mengine kidole kinapita. Wapo waliodhani aling'atwa na mwenzake. Watafiti wengine wanashuku vimelea, wa jamii ya wale wanaowashika njiwa koo mpaka leo.

Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaumwa akila?" Nikabaki namwangalia.

Saa 5, kundi la wanafunzi. Hawa nawapa kisa cha pancha. Agosti 12, 1990, huko South Dakota, gari la wachimbaji wa mifupa ya kale lilikuwa na tairi bovu. Wenzake walipokwenda mjini kulitengeneza, Sue Hendrickson akabaki, akatembea hadi kwenye genge la mwamba ambalo hawakuwa wamelikagua. Chini akaona vipande vya mifupa. Kuinua macho, pingili za mgongo zimechomoza ukutani. Kesi ya nani mwenye mali ilichukua miaka. Mwenye ardhi akashinda, na mwaka 1997 SUE akanadiwa kwa dola milioni 8.36. Wanafunzi husikia hela tu. Mimi bado niko kwenye ile pancha.

Saa 7, chakula. Nimekula nimesimama.

Saa 8: "Ni dume au jike?" Haijulikani, jina ni la aliyemgundua. Kwa Kiingereza hapo ulimi hujikwaa, maana lazima uchague. Moyoni nacheka: kwetu ni "yeye", kesi imekwisha.

Saa 10, mzee mmoja aliyemwona zamani anadai SUE amenenepa. Hajakosea! Mwaka 2018 aliongezewa mifupa ya tumbo, ile myembamba kama mbavu za ziada, na kifua kikapanuka.

Saa 11 tunafunga. Kabla ya kuondoka napita kwenye kabati la fuvu. Kioo kimejaa alama za vidole na pua, zote chini, kimo cha mtoto, zimejipanga sawa na yale matundu ya taya.