Aliyerudisha kiti

Ni tarehe 31 Desemba, jioni. Mtaani watu wameshaanza kupasua fataki na mimi mawazo yangu yako kwa Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyefariki tarehe kama hii mwaka 2009 akiwa na miaka 83. Kutwa nzima sijasikia redio ikimtaja. Na hata tukimtaja huwa tunasema Simba wa Vita, basi, tunarudi kwa Mwalimu.

Linalonikaa moyoni ni lile la 1962. Tanganyika imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hazijapita wiki saba, tarehe 22 Januari, Mwalimu Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama chake, TANU. Nchi changa anamkabidhi Kawawa, kijana wa miaka 35. Karibu mwaka mzima serikali ikawa mkononi mwake: yeye ndiye aliyesukuma kazi ya kuwaweka Waafrika kwenye ofisi walizokuwa wamekalia Waingereza. Novemba Mwalimu akagombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu, akashinda, na ilipofika tarehe 9 Desemba Kawawa akapisha. Akawa Makamu wa Rais.

Nimejiuliza ingekuwaje kama pale angekaa mtu mwingine. Wapambe wasingekosekana. Wangemnong'oneza kwamba kiti ameshakizoea, watu wameshamkubali, sasa anampisha nani na kwa nini? Yeye alipewa amana akairudisha kwa mwenyewe. Tunamsifu sana Mwalimu kwa kuthubutu kung'atuka mapema vile, na anastahili. Lakini uthubutu ule ulikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuachiwa. Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi, ni hao hao wawili waliofichwa pamoja Kigamboni.

Akapisha tena 1977. Alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu tangu 1972, katika miaka migumu ya operesheni vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ambayo machungu yake bado yanasimuliwa. Nafasi yake akapewa Edward Sokoine, mdogo wake kwa miaka 12. Kawawa akateremka kuwa Waziri wa Ulinzi, akafanya kazi chini ya kijana. Mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, na vita vikamkuta Kawawa kwenye wizara hiyo. Kwa hiyo kazi nzito ile ya vita aliibeba baada ya kushushwa cheo. Hilo nikilifikiria linanipa heshima kubwa kwake, maana nimeshaona watu wakinyimwa uenyekiti wa kamati ya mtaa wakasusa hadi misiba.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa namkosea marehemu babu yangu mzaa mama.

Babu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Mikono yake niliikuta ikiwa na sugu ngumu viganjani, na alikuwa amezihifadhi kadi za chama cha wafanyakazi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kawawa wa kwanza aliyemfahamu hakuwa waziri. Alikuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, mtu aliyejua mshahara wa kibarua na aliyejua mgomo unavyopangwa. Kisha Kawawa huyo huyo akawa Waziri Mkuu, na katika mwaka wake ule ule wa 1962 ikapita sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka huo pia ikapita sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1964 TFL yenyewe ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya mkono wa serikali.

Babu hakuwa akimtukana. Alikuwa akisema, "Alitujua. Ndiyo maana alituweza."

Naijua hoja ya upande wa pili: nchi maskini, bandari moja kubwa ikisimama kila kitu kinasimama, na wenye mishahara walikuwa wachache mbele ya wakulima wengi. Hoja ina uzito. Bado naona wafanyakazi walipoteza kitu ambacho hawajakirudisha vizuri hadi leo, na aliyeshika kalamu alikuwa mwenzao. Utii ule ule uliomfanya arudishe kiti bila kinyongo nadhani ndio uliomfanya akubali kuwafunga midomo watu wake. Siwezi kuuchukua upande mmoja nikauacha mwingine.

Maktaba zikifunguliwa baada ya sikukuu nitaulizia kumbukumbu za Bunge za 1962. Nataka kusoma muswada ule wa vyama vya wafanyakazi ulivyojadiliwa, nione ni nani kati ya wenzake wa zamani wa TFL aliyesimama kumpinga, na walijibiwa nini.