Fungate yetu tunaipeleka Ngazidja

Saa tano usiku hii na usingizi hauna hata dalili. Mwenzangu kanitumia tena jedwali la safari, la tatu wiki hii, nimelifungua nikakuta siku kumi zimekatwakatwa kwa masaa utasema ratiba ya semina, saa kumi na mbili kuamka, saa moja chai, saa mbili gari liko nje, hadi kuogelea kumepangiwa dakika. Nikaona niandike kwanza, maana nikimjibu sa hivi ntamjibu kwa hasira na kiukweli hastahili, mtu kakesha anatafuta bei za ndege kwa ajili yetu wote wawili.

Nianze mbali kidogo. Ndoa yetu ni Septemba inshallah, na tangu siku ya posa tulikubaliana kwamba harusi ikiisha tunaondoka, hatubaki mjini kupokea wageni na kurudisha masufuria ya watu. Tunaenda wapi, hapo ndo palikuwa na kazi. Yeye mtoto wa Arusha, kakua anafungua dirisha anaona Meru, na mwaka juzi kapanda Ol Doinyo Lengai, walianza saa sita usiku ili wafike juu kabla jua halijawa kali, karudi viatu vimekwisha na macho yanang'aa, mpaka leo ukimgusa tu anakueleza kwamba lava ya Lengai haina mwenzake duniani, inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, halafu ikishapoa na kupata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mi mtoto wa Tanga, wiki mbili bila harufu ya bahari naanza kuumwaumwa. Kwahiyo tukawa tunatafuta kisiwa chenye vyote, mchanga na mlima wa moto.

Tulianza na Hawaii kama watu wote. Tukaangalia viza, tukaangalia nauli, tukafunga. Tukaja Réunion, pale pana Piton de la Fournaise ambayo inalipuka karibu kila mwaka, ila ile ni Ufaransa na viza yake nayo ni shughuli. Bali ya Indonesia ikakaa mezani kama wiki nzima, hadi kuna wakala mmoja tukampa kianzio atushikie nafasi, siku ya nne bei ikawa nyingine na kianzio hakirudi. Niliumia sana, na si hela peke yake, nilikuwa nimeshawaambia watu.

Baba ndo katuamsha. Alikuwa sebuleni na redio yake, kasikia tunabishana kwenye simu, akasema bila hata kugeuka, "Mwanangu, kisiwa chenye mlima wa moto si kwa bibi yako?"

Yaani nilikaa chini.

Bibi mzaa baba alikuwa Mngazija, kazaliwa Fumbuni, kusini ya Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, kaletwa Unguja bado mdogo, kaolewa Tanga, hakurudi tena. Alifariki mi niko darasa la sita. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni anavyohesabu. Usiku wa kuamkia Idi anapanga visheti kwenye sinia, anaanza moja mbili tatu za kwetu vizuri tu, akifika saba anasema mfukare, tisa anasema shenda, kumi kume, na sisi wajukuu tumejipanga ukutani tunaisubiri hiyo mfukare tuitikie wote kwa sauti. Vidole vyake vimejaa sukari, hina ya siku nyingi imebaki kwenye ncha za kucha tu, rangi ya chungwa. Na Karthala, ule mlima wa moto wa kwao, alikuwa anaitaja kama unavyomtaja mtu wa ukoo. Mwaka 1977 ulipopasuka na moto ukashuka ukakiharibu kijiji cha Singani, baba anasema bibi alishinda na redio sikioni siku tatu na jikoni hakuingia.

Halafu mi, mjukuu wake, nilikuwa natafuta volkano Hawaii.

Basi nikaanza kusoma. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ukaribu, ukipima kwenye ramani Moroni, mji mkuu wa Komoro, iko karibu na Dar kuliko Mwanza ilivyo karibu na Dar, ndege ni saa moja na ushee unashuka Hahaya. Saa yao na saa yetu ni moja. Wakomoro wangapi tunapishana nao hapa mjini wamekuja kutibiwa, tunasalimiana nao kila siku, na sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akisema naenda Komoro kupumzika. Sijui kwanini, labda tumezoea kwamba kwenda mbali ndo kwenda.

Kisiwa chenyewe kimeota juu ya moto. Karthala ina mita 2,361, ni fupi kuliko Lengai yenye 2,962, lakini Lengai unaanzia bara huko ardhi ishapanda tayari, Karthala inaanzia baharini, ile miguu yake ndo fukwe zenyewe. Juu kuna shimo kubwa la upana kama kilomita tatu kwa nne. Imelipuka mara nyingi, 2005 mara mbili, 2006, Januari 2007, na kuna kituo cha kuusikiliza mlima usiku na mchana. Na kilichonigusa zaidi ni maji. Ngazidja nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, mvua inanyesha nyingi tu ila mawe ya lava yana matundu, maji yanazama yote, so watu toka zamani wanakinga maji ya mvua kwenye matangi. Mlipuko wa Novemba 2005 ulimwaga majivu mpaka ndani ya matangi hayo, watu wakakosa maji ya kunywa. Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka bibi, mvua ikianza tu Tanga anapiga kelele ndoo zitolewe nje, na bomba lipo uani linatoka. Tulidhani ni uzee.

Sasa picha. Kuna usiku mbili nzima nimezimaliza kwenye picha za hoteli moja ya kaskazini karibu na Mitsamiouli, Galawa, mchanga mweupe, minazi imelala, nikasema ni hapa hapa. Kumbe ilifungwa mwaka 2001 na ikaja kuvunjwa, picha zimebaki zinazunguka intaneti. Katika kuitafuta ndo nikakutana na ile video ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini mbele ya ufukwe ule ule tarehe 23 Novemba 1996. Watu 175 walikuwemo na 125 walifariki. Niliiangalia mara moja tu. Ila nilisoma vizuri kilichofuata, wenyeji pamoja na wageni waliokuwa mapumzikoni waliingia majini kuokoa watu, na waliobaki hai wengi wanahesabika kwa mikono ile. Mama sijamwambia, na sitamwambia mpaka turudi. Kwa mama tayari nina kesi moja, alisikia habari ya boti za kutoka Chindini kwenda Mwali, kisiwa cha jirani, akasema kama ni boti basi harusi isubiri.

Mwali ndo ilikuwa ndoto yangu mimi. Ni kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Komoro, kina hifadhi ya bahari toka mwaka 2001, na kijiji cha Itsamia kasa wanapanda usiku kutaga na wanakijiji wenyewe ndo wanaowalinda. Nilitaka nimwone kasa mmoja tu anachimba na yale makasia yake. Mwenzangu akaiweka Mwali kwenye jedwali, kwa ndege ndogo, siku mbili. Akaweka Karthala siku mbili. Akaweka kisiwa kizima kuzunguka na gari, ziwa la chumvi, soko la zamani la Moroni, kiwanda cha langilangi, Fumbuni kwa ndugu, kila kitu kimeingia, na nilifurahi kabisa, nilimwambia mpenzi uko vizuri.

Mpaka juzi nilipokaa na somo yangu, yule anayenifunda.

Nilienda kwake kwa ajili ya singo ya kujisugua mwili, alikuwa anaipepeta ile karafuu na waridi kavu na langilangi kwenye ungo, chumba kizima kinanukia, nikawa namwonyesha jedwali kwenye simu kwa furaha. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni fungate au ni kazi ya serikali?" Halafu akanieleza taratibu, mkono hauachi kupepeta. Kwamba wao walifungiwa siku saba. Chakula kinaletwa mlangoni, maji ya kuoga yanaletwa, hakuna mgeni, hakuna anayekutuma, hata jua unaliona kwa dirishani. Nikamwambia somo, tutachoka. Akasema, "Mtachoka, ndiyo. Nyinyi mmepigiana simu miaka mitatu, hamjawahi kunyamaza pamoja hata siku moja. Mtu humjui mpaka umnyamazie."

Nikatoka pale hilo neno linanitembea kichwani, fungate, fungate. Nikiwa kwenye daladala ndo nikasikia sauti ya bibi, mfukare. Nikampigia baba, hivi mfukare si ni saba? Akasema ndiyo. Jirani yetu Tanga ni Msambaa, nikampigia na yeye, kwenu saba mnasemaje, akasema mfungate. Nikabaki nimeshika simu. Ni neno lile lile, limepita Usambaa likapita kwetu likavuka bahari mpaka Fumbuni, na pote ni saba. Sisi tulishaanza kuhesabu kwa saba ya Kiarabu, ila siku za mwari na mumewe tukaziachia jina lao la zamani. Na mi nimelitamka neno hili maisha yangu yote sijawahi kusikia kwamba ndani yake kuna hesabu ya bibi.

Toka hapo lile jedwali siliwezi. Sitaki kurudi nyumbani na picha elfu mbili na mume ninayemjua akiwa njiani tu.

Na siyo jedwali peke yake, hata kamati ya harusi imeanza kunielemea. Tumeshafika watu 400, michango inafuatiliwa kwa meseji kila asubuhi, kuna ukumbi, kuna keki, kuna sare za mashangazi. Baba anasema Ngazidja ni zaidi, ile ndoa yao kubwa, anda, mwanaume anaweka akiba miaka na miaka, wengine wapo Marseille huko wanafanya kazi maisha yote ili siku moja warudi waoe mbele ya mji wapate heshima zao. Ndo maana tuliihamisha harusi kutoka Agosti, Julai na Agosti ndege zimejaa watu wanaotoka Ufaransa kwenda kwenye anda. Siidharau, na yetu siidharau, nawapenda watu wangu na nataka wale washibe. Ila pale Ngazidja kuna kitu nimekipenda kuliko sherehe, nyumba ni ya mwanamke, inajengwa kwao, na mwanaume ndo anahamia. Nyumba ya kina bibi pale Fumbuni wanayo watoto wa dada yake, imeshuka kwa wanawake mpaka leo. Mi nimetokea kwa baba kwahiyo siyo yangu kurithi, lakini binti wa shangazi kashasema kwenye simu kwamba mlango upo wazi na mkeka upo.

Basi, nimeandika mpaka hapa nikaona hasira imeisha, nikampigia. Kumbe na yeye hajalala. Nikamwambia yote, somo, visheti, mfukare. Nikamwomba siku saba za mwanzo tukae sehemu moja, Chomoni, upande wa mashariki, nimeona kuna vibanda vya wageni mbele ya bahari, mchanga mweupe umezungukwa na mawe meusi ya lava, mlima wake na bahari yangu viko hapo hapo vimeshikana. Hatuendi popote. Simu zinazimwa. Nikamwambia kwa ajili hiyo mi naachia Mwali, naachia kasa, na niliposema kasa sauti ilinikatika kidogo.

Akanyamaza muda mrefu. Akauliza, saba zote? Nikamwambia zote. Akauliza, na Karthala? Nikamwambia zamani fungate ikiisha bibi harusi anatolewa nje, basi nitoe wewe, nipeleke juu huko.

Hakujibu kitu, akasema tu lala mpenzi. Nikajua nimemuumiza.

Saa sita na nusu jedwali jipya likaingia, la nne. Mistari ya siku saba kaifuta yote kaiunganisha kibox kimoja kikubwa, hakina saa, hakina kitu, katikati kaandika mfukare, na kaiandika sawasawa. Siku ya kumi, Fumbuni. Siku ya nane na ya tisa, Karthala, kuanza kupanda usiku, kulala kwenye hema karibu na shimo, kila mtu abebe maji yake, juu hakuna. Na mbele yake kwa herufi ndogo, we beba sweta, kule kuna baridi hujawahi kuiona.

Sweta sina. Kesho nikitoka kazini napitia mitumba ya Karume.