Kupeleka Sauti Studio Bila Ucheleweshaji

Kichakataji cha sauti ya redio hulazimika kuichelewesha sauti ili kiweze kuvichunguza vilele vyake, yaani pale sauti inapopanda juu zaidi, kabla ya kuvidhibiti, na ucheleweshaji huo, ambao msikilizaji hautambui kamwe, humtaabisha mtangazaji anayejisikia kupitia vipokea sauti vya kichwani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chombo kikiwa na tokeo la pili la sauti lenye uchakataji mwepesi, hilo ndilo lipelekwe studio, na lile zito libaki kwa ajili ya mtambo wa kurusha.

Sauti hiyo ikipelekwa studio kwa mtandao wa kompyuta, uamuzi wa kwanza ni ukubwa wa pakiti, yaani kipande cha sauti kinachotumwa kwa mkupuo mmoja. Kiwango cha AES67 cha kusafirisha sauti mtandaoni, kilichochapishwa mwaka 2013, huvitaka vifaa vyote vikubali pakiti ya milisekunde 1, ambayo kwa kilohezi 48 (sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde) hubeba sampuli 48 za kila chaneli. Pakiti ya milisekunde 0.125 hubeba sampuli 6 tu, hivyo hupunguza ucheleweshaji, lakini idadi ya pakiti hupanda kutoka 1,000 hadi 8,000 kwa sekunde, na kifaa dhaifu huelemewa. Mimi huanza na milisekunde 1, kisha nikapunguza bafa ya kipokezi (akiba ya muda ya sauti inayosubiri kuchezwa) hatua kwa hatua huku nikisikiliza kama sauti inakatika.

Jambo linalostahili subira kuliko yote ni saa. Vifaa vyote vifuate saa kuu moja kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, pakiti zake zipewe kipaumbele kuliko hata sauti yenyewe, na swichi zisimamie mikondo ya multikasti (inayotumwa kwa vipokezi vingi kwa pamoja) kwa IGMP, itifaki inayoonyesha ni kifaa kipi kimeomba mkondo upi, ili isimwagike kwenye milango isiyoihitaji.