Tochi niliyoichagua kwa mwanga wake mdogo

Kutoka kituo cha basi hadi kwetu ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Njia inakata mashamba ya mahindi, inashuka bondeni, kisha inapanda tena. Huku Lushoto jua likishazama nyuma ya milima giza halichelewi, na majira ya mitihani mimi hutoka shuleni usiku umeshaingia. Tochi kwangu ni kama viatu.

Mwaka jana nilinunua tochi nene ya chuma, imeandikwa lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Betri yake ya kuchaji, ile aina ya 18650, iliandikwa mAh 9900, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Wiki ya tatu ikazimika ghafla nikiwa bondeni, haikufifia wala nini. Nikawasha simu, iliyokuwa na chaji asilimia 6. Hatua chache mbele yangu kifutu alikuwa amejikunja katikati ya njia, rangi yake na ya majani makavu ya mahindi ni moja. Nyoka wengi wakisikia kishindo huondoka. Kifutu hutulia tuli akitegemea kutoonekana, ndiyo maana watu humkanyaga. Nilirudi nyuma taratibu nikazungukia shamba la jirani, miguu inatetemeka.

Kesho yake niliiweka betri ile kwenye mizani ya maabara yetu. Gramu 27. Betri ya kweli ya umbo hilo, upana mm 18 na urefu mm 65, huwa na gramu 45 hadi 50, na zilizo nzuri huzunguka mAh 3500. Hiyo 9900 haina pa kukaa humo ndani. Iliniuma, kwa sababu najua watu wangapi kijijini wametoa pesa zao kwa maandishi kama yale.

Safari hii, nikitafuta tochi nyingine, nikaanza na swali la upande wa pili: mwanga wake mdogo kabisa ni upi? Niliyonayo sasa inashuka hadi chini ya lumeni 1. Umeme ukikatika usiku naweza kumfunika mtoto shuka bila kumwamsha, na macho yangu hayapofuki nikiizima. Njiani hunitosha lumeni 50 hivi. Zile 150 za juu nazitumia kwa sekunde chache tu, kutazama ng'ambo ya bonde.

Kitu cha pili ni rangi, na hapa namkumbuka kifutu. Mwanga mweupe wa kibuluu unafanya udongo, majani na ngozi ya nyoka vifanane. Kuna kipimo kinachoandikwa CRI, ukomo wake 100, kinachoonyesha rangi zinabaki kiasi gani kama zilivyo mchana. Yangu ni 90, ina mwanga wa manjano kidogo. Ukiimulika njia, jani linaonekana jani. Kama ningelazimishwa kuacha sifa zote nibaki na moja, ningebaki na hii.

Ukisoma boksi, tafuta alama ya ANSI FL1, utaratibu wa vipimo ulioanza 2009, lakini uelewe unachosoma. Umbali wa mita 100 maana yake ni kwamba pale kwenye mita 100 mwanga umebaki luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Si kwamba utamtambua mtu. Nazo saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi. Tochi ya "saa 5" inaweza kuwa imekuacha gizani mapema zaidi. Kuhusu kuzuia maji, alama ya IPX4 inatosha kwa mvua za masika. IPX8 ni ya anayeweza kuidondosha mtoni.

Nilichagua inayotumia betri moja ya AA, zile za saa ya ukutani, kwa sababu duka lolote hapa kijijini linazo. Kila siku naweka ya kuchaji ya NiMH. Za alkalini, zile za kawaida zisizochajiwa, nabeba moja ya akiba tu, sizilazi ndani ya tochi, maana huvuja na kula chuma. Ikiwa mfukoni nalegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, basi haiwezi kujiwasha. Na sitaki ya kumwekamweka; ukiwa na haraka ya kuona, hutaki kwanza kupita hatua tatu za kumweka.

Mama nilimnunulia kama yangu, yenye swichi kubwa ya nyuma, kwa kuwa vidole vyake vina baridi yabisi. Tulipokuwa wadogo Baba alikuwa na kurunzi ya bati ya betri mbili kubwa, na zikichoka alizianika juani kwenye ungo ili zipate nguvu kidogo. Mwezi uliopita nikakuta betri ya AA iko juu ya ungo uani, pembeni ya maharage.

"Mama, hii haianikwi. Inachajiwa."

"Sasa ningejuaje, mwanangu? Zote ni betri."

Nikakaa naye nikamwonyesha chaja, jinsi taa nyekundu inavyogeuka kijani. Siku hizi kila Jumapili akitoka kanisani ananikabidhi yake mkononi, na mimi nampa iliyojaa.