Siku moja Edinburgh na ganuni yangu

Saa 12:30 asubuhi

Kazi yangu huanza kabla sijatia kitu mdomoni. Ganuni, ala ya kukwanyua iliyo kama sanduku bapa, ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limekalia ngozi. Ngozi ikikauka hujikaza, sauti zikapanda. Ikipata unyevu hulegea, zikashuka. Jana usiku niliacha dirisha wazi kidogo makusudi, ngozi ianze kuzoea hewa ya huku. Nilipoamka sikuona hata nyumba ya ng'ambo ya barabara. Ukungu mzito ulikuwa umeingia kutoka Bahari ya Kaskazini. Wenyewe wanauita haar, na huwatembelea zaidi majira haya ya Aprili hadi kiangazi.

Kikundi chetu cha taarab kimetoka Unguja kuja kupiga Uskoti, na leo usiku ni zamu ya Edinburgh. Sauti ya kwanza naichukua kwenye kodian, kinanda cha mkono. Kodian haibembelezeki, ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyolia, na sisi wenye nyuzi ndio tunaoifuata. Nyuzi zangu zote zilikuwa zimeshuka. Nikashika ufunguo, nikaanza chini kwenda juu, polepole, maana ukizikaza kwa pupa zile za mwanzo zinalegea tena ngozi inapobeba mzigo wa za mwisho. Ni kazi ya karibu saa nzima, na naipenda. Ndio wakati pekee wa siku ambapo nasikiliza kila uzi peke yake.

Saa 2:00 asubuhi

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo Mei yao?"

Mwimbaji wetu alikuwa amejifunga mitandio miwili, mikono kaikumbatisha bakuli la uji. Uji wa huku ni wa shayiri iliyopondwa, mzito, na wazee wao huutia chumvi badala ya sukari. Mimi niliutia chumvi na nikaongeza. Unashika tumbo mpaka mchana. Bi Mkubwa alisema yeye hatoki mpaka saa ya kupima mitambo, koo lake halifanyiwi majaribio na ukungu, na hakuna aliyebishana naye.

Mimi nilitoka. Nina desturi ninayoishika sana: mji nitakaoupigia usiku, mchana nautembea kwa masikio. Watu watakaokaa mbele yangu wamekulia katika sauti fulani za mawe, kengele na upepo, na nataka nizisikie kwanza kabla sijawaomba wanisikilize.

Saa 3:00 asubuhi

Mji wa zamani umeteremka kutoka kwenye ngome, iliyojengwa juu ya mwamba wa volkano, hadi kwenye kasri la Holyrood. Barabara kuu ni moja, Royal Mile, na pembeni yake zimechomoka njia nyembamba zinazoitwa close. Nyingine huwezi kupishana na mtu bila kugeuka ubavu. Nimezaliwa Mji Mkongwe, kwa hiyo vichochoro havinitishi, lakini vya kwetu kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinazonywa sauti. Za hapa ni mawe ya mchanga yaliyochongwa sawasawa, tena marefu kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa. Niliingia Advocate's Close nikapiga kofi moja. Lilinirudia kavu na haraka, halafu likapanda juu kutafuta mbingu. Nikapiga tena, la pili likaja vilevile. Mama mmoja aliyekuwa anapanda ngazi na mikoba yake alisimama akapiga na yeye, akacheka, akaendelea na safari.

Huko juu barabarani mtu wa zumari ya mfuko alikuwa ameshaanza. Watalii walimpiga picha wakapita. Mimi nilisimama sana, kwa sababu chombo kile nimekitamani tangu utotoni. Sauti zake ni tisa tu. Juu ya bega kuna mirija mitatu inayolia sauti ileile bila kukoma, mmoja mzito na miwili ya kati, na wimbo mzima unatembea juu ya ule mngurumo. Mpiga zumari wa kwetu huweka pumzi mashavuni, akavuta hewa kwa pua ili sauti isikatike. Hapa kazi hiyo imekabidhiwa mfuko uliobanwa kwapani. Hawezi kupiga kwa nguvu wala kwa upole, sauti ni ile ile, basi hisia zote amezihamishia kwenye vidole: kabla ya sauti moja anarusha nyingine tatu nne fupi, kama cheche, ndipo inatua. Na vipimo vya sauti zake havifuati piano. Mtu aliyezoea makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hapati taabu hapo, sikio lake linafunguka lenyewe.

Saa 4:00 asubuhi

Jumba la Makumbusho la Taifa, Chambers Street, hufungua saa nne na kiingilio ni bure. Nilikwenda moja kwa moja kwenye vinubi viwili vya Nyanda za Juu, kile kinachoitwa cha Malkia Mary na kile cha Lamont. Ni miongoni mwa vinubi vichache sana vya Kigaeli vya zama za kati vilivyosalia duniani. Cha Malkia Mary ni kidogo, unaweza kukipakata, na kimenakshiwa mbao zake kwa subira ya ajabu. Kisanduku cha sauti kimechimbwa ndani ya gogo moja. Vinubi hivi vilifungwa nyuzi za shaba na vikapigwa kwa kucha, kwa hiyo sauti ilikuwa ya kengele, yenye kukawia. Mpigaji alilazimika kuzima nyuzi kwa vidole vingine ili sauti zisipandane. Ndicho ninachohangaika nacho mimi kila siku kwa kiganja cha kushoto. Nilijikuta natikisa vidole mbele ya kioo.

Saa 5:00 asubuhi

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu niliposikia tunakuja Edinburgh.

St Cecilia's Hall iko chini, Niddry Street inapokutana na Cowgate, mahali unapoweza kupita usijue. Ilijengwa 1763 kwa ajili ya chama cha muziki cha mji, ikiwa ukumbi wa kwanza Uskoti kujengwa mahususi kwa ajili ya kusikiliza muziki. Haikuwa kanisa iliyogeuzwa wala sebule ya tajiri. Watu wa mji waliketi wakaamua kwamba kusikiliza kunastahili nyumba yake. Msanifu wake, Robert Mylne, aliupa ukumbi umbo la yai na dari lililoinuka katikati. Leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, ulifunguliwa upya 2017 baada ya ukarabati, na vyumba vyake vimejaa ala.

Niliomba ruhusa kwa mlinzi wa ukumbi, nikapiga kofi. Sauti haikunirudia kama kule kichochoroni. Ilizunguka, ikalainika, ikaisha kwa adabu. Wajenzi wale walijua walichokuwa wanakitafuta.

Lakini kilichonishika ni hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi. Ipo moja iliyotengenezwa Paris na Pascal Taskin mwaka 1769, ya safu mbili za vidole, imepambwa kama sanduku la bibi harusi. Ukitazama ndani unaelewa jinsi inavyolia: ukibonyeza kidole, kijiti kinapanda, na kwenye kijiti kuna kipande kidogo cha unyoya wa ndege kinachokwanyua uzi. Kukwanyua, si kugonga kama piano. Mimi navaa pete mbili za chuma kwenye vidole vya shahada, na ndani ya kila pete nachomeka kipande chembamba cha pembe, nikakwanyua. Kazi ni ileile. Mtengenezaji wa Paris ameuweka ukwanyuzi nyuma ya kibao, mimi nimeubakisha ncha ya kidole, na ndiyo sababu yeye ana mpangilio na mimi nina uhuru wa kutetemesha uzi mmoja mpaka ulie.

Kijana wa pale aliniuliza kama napiga. Nikamwambia ganuni, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akanitolea kiti, akanionyesha jinsi wanavyokata unyoya: pembe ya kisu, upana, unene, na jinsi unyoya mgumu unavyotoa sauti kali na laini unavyotoa sauti ya kiza. Tuliongea mambo ya vipande vya kukwanyulia karibu saa nzima, watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Siku nyingine ningelipa kwa darasa kama lile.

Saa 7:00 mchana

Ukungu uliinuka ghafla. Nilikuwa juu ya Calton Hill, na ngome ilionekana yote ng'ambo ya pili. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache mzinga mmoja hupigwa pale saa saba kamili. Walianza 1861, na asili yake ni huu ukungu. Hapo Calton, juu ya mnara wa Nelson, palikuwa tayari na tufe kubwa lililoangushwa saa saba ili mabaharia wa bandari ya Leith walinganishe saa zao. Haar ikishuka, tufe halionekani. Basi wakaamua kuwasikilizisha wakati badala ya kuwaonyesha.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kupita kiasi. Sauti ina mwendo wake, mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzinga haufiki kila mtaa kwa pamoja. Mwaka huohuo wa 1861 ilichapwa ramani ya mji yenye duara zinazoonyesha mlio unakawia sekunde ngapi kufika wapi, ili nahodha apunguze. Mji uliochorwa kwa masikio! Nilikodolea ukuta wa ngome, nikaona moshi, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, na kabla ya nne ukanipiga kifuani. Njiwa wote wa mtaa wa chini wakaruka.

Saa 7:30 mchana

Ijumaa niliswali Msikiti Mkuu wa Edinburgh, mtaa wa Potterrow. Ulifunguliwa 1998 kwa msaada wa Mfalme Fahd wa Saudia, na umejengwa kwa jiwe la rangi ya mji, mnara wake ukichanganya Uislamu na minara ya ngome za Kiskoti. Ndani zulia limemeza kila mlio isipokuwa sauti ya khatibu. Baada ya swala kijana mmoja alinisikia nikisema "samahani kaka" kutafuta viatu vyangu. Mmombasa, anasoma uhandisi.

"Wa Unguja wewe, nishakujua! Umekula?"

Tulikula wali na mchuzi wa kondoo pale Mosque Kitchen, Nicolson Square, kisha akanipeleka Old College, jengo la chuo lenye kuba, South Bridge. "Mwalimu wenu alisoma chuo hiki," akaniambia. Naam. Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949, akapata shahada yake 1952, akarudi nyumbani kufundisha, na 1954 TANU ikazaliwa. Tulisimama uani kimya kidogo. Nilifikiria kijana wa Butiama katika baridi hii, bila simu ya kumpigia mama, miaka mitatu.

Saa 10:30 jioni

Kupima mitambo. Ukumbi wetu ni kanisa la zamani upande wa kusini wa mji, sakafu ya mbao, roshani pande tatu. Nikapiga kofi langu. Likakaa muda mrefu kuliko nilivyopenda, lakini viti vikijaa watu na makoti yao ya sufu sauti hupungua, kwa hiyo nikamwomba fundi asiongeze mwangwi wowote. Alitaka kunibandikia kinasa sauti juu ya ngozi. Nilimkatalia kwa heshima: kitu chochote kinachogusa ngozi kinaifunga mdomo. Tukakubaliana vinasa viwili vidogo, shibri moja juu ya daraja. Dumbak, ngoma yetu, tuliisogeza nyuma hatua mbili. Nikatuni tena, maana taa za jukwaani ni joto jingine.

Saa 1:30 usiku

Nje jua bado kali kama alasiri. Magharibi huku inaingia baada ya saa tatu. Tulifungua kwa bashraf, kama taarab inavyotaka, ala tupu. Niliposhika taksimu yangu, kipande cha kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo, nilikwenda polepole kuliko kawaida. Nilikuwa nimevisikiliza vichochoro na kile chumba cha umbo la yai, nikauacha uzi wa chini uishe wenyewe kila mara kabla ya kuushika unaofuata. Ukumbi ulinifuata. Bi Mkubwa alipofungua kinywa, koo lake alilolilinda siku nzima lilijaza roshani zote tatu. Waskoti hawakujua neno, lakini kufikia wimbo wa tatu waliokuja na wenyeji wetu waliinuka kumtunza, na Waskoti wakainuka nyuma yao na noti mkononi.

Saa 4:30 usiku

Mpiga fidla wetu hakutaka kulala. Tulikwenda Sandy Bell's, Forrest Road, baa maarufu kwa wapiga muziki wa asili. Mimi nilikunywa tangawizi. Wapigaji hukaa kuizunguka meza, wanatazamana wao kwa wao, hawatazami wateja. Hakuna karatasi. Mmoja anaanza, wenzake wanaingia, na wimbo ukirudiwa mara kadhaa huhama kwenye mwingine bila kupumua. Mgeni haketi mezani mpaka aalikwe. Tulisimama pembeni mpaka bibi mmoja wa fidla akasogeza kiti chake, akaelekeza upinde kwa mwenzetu.

Hakuwapigia taarab. Aliwapigia kidumbak, ya arusini, ya mbio. Mwenye ngoma ya mkono alihitaji kurudia mara mbili tu kuukamata mdundo, halafu filimbi, halafu meza nzima. Bibi yule hakupiga. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa mwenzetu, jinsi anavyoukata upinde mfupi mfupi karibu na daraja. Wimbo ulipoisha akasema, "Tena, taratibu." Wakarudia. "Tena."

Baa ilipofunga alikuwa ameshika nusu ya kwanza. Treni yetu ya Glasgow ni saa nne asubuhi, na wamekubaliana wakutane stesheni ya Waverley saa tatu, yeye na fidla yake, wamalize nusu iliyobaki.